Mashine Iliyojengwa Ifunguliwe

Mwaka 1972 kampuni changa ya Atari iliweka mashine yake ya kwanza ya Pong katika baa ya Andy Capp's, mjini Sunnyvale, California. Ilikuwa ya majaribio tu: kabati la mbao, televisheni ya kawaida ya nyeusi na nyeupe, na bodi ambayo mhandisi wake Al Alcorn aliibuni bila prosesa wala programu, chipu za lojiki tupu. Haukupita muda mrefu, simu ikapigwa kutoka baa kwamba mashine imegoma. Alcorn akaenda, akafungua kabati, akatafuta kilichoungua. Hakukiona. Chombo cha kupokelea sarafu kilikuwa kimejaa robo dola hadi pomoni, na sarafu zilizofuata zilikosa pa kwenda. Akazichota, mashine ikarudi kazini.

Anayetaka kujifunza ufundi wa mashine za sarafu aanze na kisa hiki, kwa kuwa kina mambo mawili ambayo sura hii itayafuata. Kwanza, ubovu hukaa mlangoni mara nyingi kuliko unavyokaa kwenye ubongo. Pili, mashine hii iko pale ipate fedha, na kila saa inayozimika ni hasara ya mtu. Ndiyo maana waliozitengeneza walizijenga zifunguliwe. Mlango wa mbele una kufuli moja, bodi inachomolewa kwa mkono, chipu nyingi zimekaa kwenye soketi, na mchoro wa nyaya ulitolewa pamoja na mashine. Mwaka 1985 watengenezaji wa Japani, kupitia chama chao cha JAMMA, walikwenda mbali zaidi wakakubaliana konekta moja ya miguu 56 kwa wote: unachomoa mchezo wa kampuni hii, unachomeka wa kampuni ile, kabati linabaki lilelile. Simu iliyo mfukoni mwako haikujengwa kwa moyo huo.

Wengi wetu Afrika Mashariki gemu tulizicheza kwenye kibanda cha mtaa, kwa PlayStation inayolipiwa kwa muda, na mashine ya kudumbukiza sarafu tumeijua zaidi kwa sura ya dubwi la kamari. Dubwi si mada yangu hapa. Hata hivyo fundi aliyewahi kulifungua dubwi, siku akifungua Pac-Man, atakuta viungo anavyovifahamu: mlango wa sarafu, swichi ndogo, kisambazaji umeme, bodi, skrini.

Kabla ya bisibisi, uliza. Ilikufa ghafla au ilianza kwa kusitasita? Iligongwa? Ilihamishwa? Nani ameigusa tangu hapo? Mficha uchi hazai, na mwenye mashine anayeficha kwamba fyuzi iliyokatika ilizungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara anampotezea fundi siku nzima na kujiongezea gharama mwenyewe.

Sasa tuanze sarafu inapoanzia safari yake. Kipokezi cha sarafu cha zamani hakina umeme hata chembe, na kwa maoni yangu ndicho kitu kilichofikiriwa vizuri kuliko vyote ndani ya kabati. Sarafu ikidumbukia inatua kwenye kitanda kidogo chenye mizani. Ikiwa ndogo mno inapenya na kuangukia upande wa kurudishwa. Ikiwa nyepesi mno kitanda hakitikisiki. Ikiwa sawa, uzito wake unakibinua kitanda na sarafu inaviringika kwenye reli iliyoinama, ikipita mbele ya sumaku. Kipande cha chuma kinanaswa papo hapo. Sarafu halali ya shaba na nikeli hainaswi, lakini kule kupita kwake mbele ya sumaku kunazalisha mkondo mdogo wa umeme ndani ya sarafu yenyewe, na mkondo huo unaipunguzia kasi. Ipunguziwe kiasi gani, inategemea metali iliyotengenezwa nayo. Sarafu ya kweli inatoka na kasi inayoitupa moja kwa moja kwenye tundu la kukubaliwa. Kipande cha shaba tupu kinapunguzwa kasi kupita kiasi na kuanguka kabla ya kufika. Cha metali isiyopitisha umeme vizuri kinatoka mbio, kinagonga kizuizi na kurudi kwa mwenyewe. Ukaguzi wote huu unafanyika kwa chini ya sekunde moja, bila betri na bila programu.

Kifaa cha namna hiyo kikilala miaka katika ukumbi wenye moshi wa sigara na soda iliyomwagika, reli inanata. Sarafu halali inachelewa, inakataliwa, na mchezaji anaanza kuupiga mlango. Dawa ni kukitoa, kukiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kukikausha kabisa, na kuondoa unga wa chuma uliojikusanya kwenye sumaku. Usitie oili. Oili inanasa vumbi, na tatizo litarudi likiwa kubwa kuliko mwanzo.

Sarafu iliyokubaliwa inashuka na kubonyeza waya mwembamba wa swichi ndogo yenye miguu mitatu. Weka mita kwenye mlio, bonyeza waya kwa kidole, sikiliza. Kama swichi ni nzima na mashine bado haihesabu, usikimbilie bodi. Atari na wenzao waliweka mlangoni swichi nyingine ya kugundua fujo: ulimi wa chuma wenye kipande kizito nchani, ukining'inia karibu na mguso wake. Ukiupiga mlango teke, viwili hivyo vinagusana na mashine inakataa kuhesabu sarafu. Miaka ya mateke ikiupinda ulimi huo kidogo tu, vinabaki vimegusana daima, na mashine inameza sarafu bila kutoa mchezo. Ni ubovu wa kunyoosha kwa vidole, na asiyeujua anaweza kuituhumu bodi isiyo na kosa.

Kipokezi cha aina hii kinajua sarafu moja tu. Uingereza ilipobadilisha peni 5 na peni 10 mwaka 2012, kutoka mchanganyiko wa shaba na nikeli hadi chuma kilichopakwa nikeli, mashine zilizotegemea sarafu hizo ilibidi zirekebishwe. Kwa kipokezi cha sumaku, fedha halali ya serikali ilikuwa imegeuka bandia. Vipokezi vya umeme vilivyokuja baadaye ni vyepesi kuvifundisha. Kuna aina ambayo unabana sarafu ya mfano kati ya koili, na kila inayoingia inalinganishwa na hiyo. Fundi wa Mombasa anaweza kubana shilingi 20 ya Kenya na wa Tanga shilingi 200 ya Tanzania bila kubadilisha waya hata mmoja. Kikianza kukataa kila kitu, angalia kwanza kama ile sarafu ya mfano bado ipo mahali pake.

Mlango ukiwa mzima, fuata umeme. Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi, maana sehemu hii huwatesa wanaoanza.

Mashine ya Marekani inataka volti 120, ya Japani 100, na ukutani kwetu kuna 230 au 240. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka chochote. Ukishavuka hapo, ujue kwamba chipu za lojiki za miaka ya 1970 na 1980 zinataka volti 5, na waliozitengeneza waliacha nafasi finyu: kuanzia 4.75 hadi 5.25. Chini ya hapo mashine inajizima na kujiwasha, picha zinachanganyikana, herufi zinatokea pasipo pake. Dalili zote zinaelekeza kidole kwenye prosesa, na prosesa haina tatizo lolote. Kwa hiyo pima kwenye bodi yenyewe, mguuni mwa chipu. Ukipima kwenye kisambazaji peke yake utaridhika bure, kwa sababu kati ya viwili hivyo kuna waya mrefu, konekta, na meno ya shaba yaliyochakaa, na volti zinazotoka zikiwa 5.1 zinaweza kufika zikiwa 4.6.

Kisha geuza mita kwenye AC, upime palepale. Umeme wa DC uliosafishwa hauonyeshi kitu cha maana hapo. Ukiona sehemu ya volti inacheza, kapasita kubwa ya kuchuja imekauka na bodi inapokea umeme wa kusukasuka, kama bomba linalotoa maji na hewa kwa zamu. Kwenye mashine za Atari za wakati huo kapasita hiyo ilikuwa ya buluu na kubwa kama ilivyo haja ya kazi yake; mafundi wa Marekani waliipa jina la Big Blue, na kuibadilisha ni miongoni mwa ushauri wa mwanzo anaopewa mgeni.

Atari hao hao walifanya jambo la werevu ambalo limewachanganya wengi. Katika mashine kama Asteroids ya 1979, bodi ya kudhibiti umeme ina nyaya za ziada zinazofika hadi bodi ya mchezo na kurudi na habari: huku zimefika volti ngapi? Zikipungua, kidhibiti kinaongeza. Basi meno ya konekta yakipata oksidi, bodi ya mchezo inapata pungufu, kidhibiti kinaambiwa kiongeze, kinaongeza, hadi kinaunguza rezista zake chenyewe na kuacha doa jeusi kwenye bodi. Fundi anaona rezista zilizoungua, anazibadilisha, zinaungua tena. Kumbe ugonjwa uko mwisho mwingine wa waya. Safisha meno kwa spiriti na kitambaa, badilisha konekta iliyolegea, ndipo uweke rezista mpya, nazo zitadumu. Kama kuna somo moja la umeme ningependa libaki kichwani mwa fundi kijana ni hili: kilichoungua ndicho kilichoumia, na mwenye kosa anaweza kuwa amekaa mbali akiwa mzima kabisa.

Fyuzi ichomoe kabla ya kuipima. Ikiwa ndani ya saketi mita inaweza kupita njia nyingine na kukudanganya. Kagua pia vibanio vyake, kwa maana kibanio kilicholegea kinapata joto na kula volti. Na fyuzi ya ampia 3 iliyokatika isibadilishwe na ya 10. Utakuwa umeiomba transfoma ikatike badala yake.

Konekta ya JAMMA nayo ina hatari yake. Meno yako pande zote mbili za bodi, na ukiichomeka kinyume, volti zinaingia zisikotakiwa. Kuna pengo dogo lililowekwa kuzuia hilo. Pasipo na pengo, weka alama kwa kalamu upande wa vipuri, kisha tazama mara mbili.

Mashine nyingine zinadai uangalifu wa pekee. Defender ya Williams, iliyobuniwa na Eugene Jarvis na kuingia sokoni 1981, ina chipu 24 za kumbukumbu za aina ya 4116, na kila moja inahitaji volti tatu tofauti: 5, 12, na 5 hasi. Hiyo hasi ikikosekana wakati 12 ipo, chipu zinapata moto na kufa. Mguu mmoja wa konekta ya umeme ukiungua unaweza kuondoka na safu nzima ya kumbukumbu. Kwenye Defender, pima 5 hasi kwanza, bodi ikiwa haijaunganishwa, halafu ndipo uendelee.

Skrini za mashine hizi ni za kichogo, na hapa naandika kwa uzito. Nyuma ya kioo, chini ya kifuniko cha mpira, skrini ya rangi ya inchi 19 ina volti karibu 20,000 au zaidi, na kioo chenyewe kinazihifadhi hata plagi ikiwa imechomolewa. Chomoa plagi. Chukua bisibisi bapa yenye mpini wa plastiki usio na ufa, funga waya kati ya chuma chake na fremu ya skrini, weka mkono wa pili mfukoni, kisha ingiza ncha taratibu chini ya mpira hadi iguse chuma. Utasikia mlio. Ngoja dakika chache, rudia, kwa sababu chaji hujikusanya tena. Asiyeelewa kila neno la maagizo haya asiguse nyuma ya skrini. Amwite fundi wa TV aliyezijua TV za kichogo. Mafundi hao bado wapo katika miji yetu, na elimu yao inafaa hapa bila kupungua. Wajue jambo moja tu ambalo ni geni kwao: skrini nyingi za mashine hizi hutegemea transfoma ya kutenganisha umeme iliyo ndani ya kabati. Ukiitoa skrini na kuichomeka moja kwa moja ukutani, fremu yake inaweza kubeba umeme wa ukutani.

Kabla ya kuifungua skrini, isikilize mashine. Dumbukiza sarafu. Mchezo ukilia na vitufe vikijibu kwa sauti, bodi inaishi na tatizo ni la skrini. Picha ikijikunja kuwa mstari mmoja wa kulala, sehemu inayosukuma miale juu na chini imekufa. Pembe zikipinda na kuchezacheza, kapasita zimezeeka. Mafundi huzibadilisha zote kwa mkupuo, na ni uamuzi wa busara, kwa kuwa zimezeeka pamoja na bei yake ni ndogo. Giza kabisa? Zima taa za chumba, tazama shingo ya kioo. Mwanga mdogo wa rangi ya chungwa ukiwapo, kioo kinapata joto na kazi inaendelea mbele. Usipokuwapo, rudi nyuma kwenye umeme wa skrini.

Asteroids na jamaa zake ni kundi la peke yake. Skrini zao hazichori picha kwa mistari ya kulala kama TV. Mwale unakwenda moja kwa moja mahali chombo kilipo na kukichora mstari kwa mstari. Mwale ukisimama sehemu moja utachoma kioo, kwa hiyo kuna saketi ya ulinzi inayouzima. Kwenye Tempest ya 1981, skrini ya rangi, saketi hiyo inawasha taa ndogo nyekundu. Anayeiona taa na kioo cheusi hukata shauri kwamba skrini imekufa. Taa inasema mwale hausogezwi, basi. Huenda vikuza vya skrini vimeungua, na huenda bodi ya mchezo haijatuma amri yoyote. Zitofautishe kwa kupima ishara zinazotoka kwenye bodi kabla ya kununua kipuri.

Sasa bodi. Ndani ya mlango wa sarafu wa Atari kuna swichi ndogo ya kujipima. Ukiibonyeza, mashine inaacha kucheza na kuanza kujikagua: kumbukumbu, programu, vitufe, sauti, rangi. Kumbukumbu ikiwa mbovu kiasi kwamba haiwezi hata kuandika ujumbe kwenye skrini, Asteroids inatoa mfululizo wa milio, na kitabu chake kinakueleza milio hiyo inaisema chipu ipi. Defender nayo inajipima kila inapowashwa kabla ya kumruhusu mtu kucheza. Waliotengeneza mashine hizi walimfikiria mtu ambaye hawatamwona kamwe, amepiga magoti ndani ya ukumbi wenye kelele akiwa na mita na tochi, wakamwachia maelezo. Ninaiheshimu kazi hiyo kuliko michoro na muziki wa michezo yenyewe.

Bodi nyingi zina pia mlinzi wa ndani, saketi inayohesabu bila kukoma. Programu ikienda sawa, inamrudisha mlinzi sifuri kila mara. Programu ikipotea njia, hesabu inafika mwisho na mlinzi anaianzisha prosesa upya. Bodi iliyokufa kwa namna hii inajianzisha tena na tena, na wakati mwingine unasikia spika ikigonga kwa mapigo sawasawa. Weka kalamu ya lojiki kwenye mguu wa prosesa wa kuanzisha upya. Mguu huo ukipigapiga, prosesa inajaribu na kushindwa: tafuta kumbukumbu au programu. Ukiwa umelala chini moja kwa moja, prosesa haijapewa nafasi ya kuanza: tafuta umeme na saa ya kristali.

Chipu za programu za miaka hiyo nyingi zina dirisha dogo la kioo, kwa kuwa hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Kibandiko kilichokaa juu ya dirisha kinalinda programu, kwa hiyo usikibandue kwa udadisi. Zichomoe, zisome kwa kifaa cha kusomea chipu, ulinganishe na nakala inayojulikana kuwa nzima. Mara kadhaa chipu haina tatizo lolote na mguu wake tu ndio umeshika kutu. Kule kuichomoa na kuirudisha kunaiponya mashine. Kwa chipu ndogo za lojiki kwenye bodi za Japani, mafundi wazoefu huanza na zenye chapa ya Fujitsu, maana zimejijengea sifa mbaya ya kufa miguu ya kutolea ishara. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliyekuwa na uwezo alinunua Fluke 9010A, chombo kinachochomekwa mahali pa prosesa na kuikagua bodi kutoka ndani. Bado kinatafutwa hadi leo.

Kuna mambo yanayofanana na ubovu yasiyo ubovu. Space Invaders ya Taito, ya 1978, inaongeza kasi kadiri wavamizi wanavyopungua. Prosesa yake ya Intel 8080 husogeza mvamizi mmoja kwa kila picha; wakibaki wachache, zamu ya kila mmoja inarudi mapema. Pac-Man ya 1980, mchezaji hodari akifika hatua ya 256, nusu ya kulia ya skrini inafunikwa na herufi na alama zisizo na maana. Hakuna chipu iliyoungua. Hatua zinahesabiwa kwa baiti moja ambayo mwisho wake ni 255, na sehemu ya programu inayochora matunda chini ya skrini inapotea hesabu inaporudi sifuri. Fundi mwenye kujua hili anafunga kabati na kumpongeza mchezaji.

Nimeacha betri hadi sasa kwa sababu ndizo zinazoua taratibu, mashine ikiwa imezimwa na mwenyewe akidhani iko salama. Defender ina betri tatu za saizi ya AA zilizokaa juu ya bodi ya prosesa, kazi yake kutunza alama za washindi na mipangilio. Zikisahauliwa zinavuja, na maji yake yanakula shaba, soketi na miguu ya chipu. Utaona unga wa kijani na mweupe. Toa betri, sugua kwa siki, kwa sababu maji ya betri hizo ni alkali, suuza, maliza kwa spiriti, kausha. Soketi zilizoliwa zing'oe. Baada ya hapo weka kishikio cha betri mbali na bodi, kwa waya mrefu, chini kabisa ya kabati, ili zikivuja tena zivujie mbao.

Betri ya bodi za kampuni ya Capcom ni habari nyingine. Street Fighter II ya 1991 ilinakiliwa na kuchezewa na wezi wa bodi kila kona ya dunia, na Capcom ilipotoa mfumo wake wa CPS-2 mwaka 1993 iliandika programu kwa fumbo. Ufunguo wa fumbo uliwekwa kwenye kumbukumbu inayoishi kwa betri moja ya volti 3.6. Betri ikiisha, ufunguo unapotea, skrini inabaki na rangi moja tupu, na bodi yenye chipu zote nzima haichezi tena. Dawa ya kampuni ilikuwa kuirudisha kwao.

Naelewa hasara waliyokuwa wakiipata. Wizi ulikuwa wa kweli. Hata hivyo naona ulikuwa uamuzi mbaya, kwa sababu ulimwadhibu aliyenunua bodi halali, tena miaka mingi baada ya wezi kuhamia biashara nyingine. Fedha ndizo zilizowafanya watengenezaji wa kwanza waache mlango wazi kwa fundi, na fedha hizohizo ziliufunga.

Waliofungua tena walikuwa watu wa kujitolea. Mwaka 1997 Mwitalia Nicola Salmoria alianzisha MAME, programu ya kuiga mashine hizi ndani ya kompyuta, na ili kuiga bodi ni lazima kwanza uijue: chipu ipi inakaa wapi, inasema nini na nani. Maelezo hayo yaliyo wazi yamekuwa msaada mkubwa kwa mafundi wa bodi halisi. Mwaka 2007 Andreas Naive na Salmoria walifumbua namna fumbo la CPS-2 lilivyofanya kazi. Mwaka 2016 Eduardo Cruz na wenzake wakaonyesha jinsi ya kuurudisha ufunguo kwenye bodi iliyokufa kwa kutumia Arduino, bodi ndogo ya kujifunzia ambayo wanafunzi wa vyuo vyetu vya ufundi wanaifahamu. Bodi zilizohesabiwa kuwa takataka zikarudi kucheza zikiwa na programu yao ya asili.

Wewe unayemiliki mashine ya aina hii, au unayetunza ya mtu mwingine, fungua kabati wiki hii na utafute betri. Za AA zilizo juu ya bodi zitoe mara moja, hata kama mashine inafanya kazi vizuri. Ya CPS-2 usiichomoe kabla hujawa na njia ya kurudisha ufunguo, kwa sababu ukiitoa mchezo unakufa mkononi mwako. Pima volti zake, uandike tarehe kwenye kibandiko juu ya bodi, na umtafute fundi kabla haijaisha.